Mugeni Aliyepiga Picha Mulango Wetu

Bukavu, Jumamosi, kisha chakula cha muchana

Yaya wangu Raphaël, kaka yangu mukubwa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Kisangani iko namna gani? Masomo yako, na ile malaria ya mwezi jana? Huku tunapumua, Mungu asifiwe. Maman iko soko ya Nyawera, goti la Nyanya linamuuma tu wakati wa mvua. Nakuandikia kwa karatasi sababu telefone yangu Maman anaisoma, na kuna neno sijamuambia mutu, hata padri: nilimudanganya Nyanya mbele ya mugeni, na mugeni mbele ya Nyanya.

Huyo mugeni ni Monsieur Grégoire, muzee métis, muchanganyiko wa Muzungu na Mwafrika, aliyetoka Ubelgiji kutembea. Tonton Modeste mwenye boti alinichukua nimutafsirie, sababu Kifaransa chake yeye kinaishia kwa bonjour. Unajua haya inavyoniua. Lakini kutafsiri kunanifaa, maneno si yangu.

Tulianza na nyumba za zamani, za wakati wa Wabeleji. Kwa kila mulango alisimama, akapiga picha. Tonton alicheka eti huyu analipa kuangalia kuta ambazo sisi tungelipa zipakwe rangi. Mimi sikucheka. Hapa mutu akipima nyumba yako kwa macho, kesho unasikia imeuzwa. Akafika kwetu, pale Papa aliandika kwa rangi nyekundu «Parcelle hii haiuzwi», akapiga picha vilevile. Kisha akauliza kama tanki ya mawe ingali nyuma ya jikoni. Yaya, ile tanki haionekani toka njiani! Unajua bwana wa nyumba alikimbia wakati wa uhuru, akamuachia Nyanya, aliyekuwa anamupikia, funguo, hati hakuacha.

Nyanya alimukaribisha chai, na yale macho yake yanayoona ukungu tu. Mugeni akaomba nimuulize kama yule mwanamuke aliyepika humu mbele ya uhuru angali muzima. Nikajiambia: huyu anatafuta shahidi wa kutunyanganya nyumba. Nikamuuliza Nyanya kama wenye hati za nyumba wangali wako. Nyanya akaweka kikombe chini, akasema wote walikufa, na huyo anayeuliza anywe chai yake aende. Nikamugeukia mugeni, nikamuambia yule mupishi alikufa. Akamaliza chai polepole, akasema aksanti kwa Kiswahili.

Jana tulivuka ziwa mpaka kisiwa cha Idjwi. Tonton alimusifia mananasi na mchanga, yeye akauliza tu wanawake wa kisiwa walikuwa wanakuja mujini kutafuta kazi namna gani. Nikazidi kumuchunga, sababu Nyanya ametoka kule. Kwa kurudi nikajikaza, nikamuuliza anataka nini na nyumba yetu. Akajibu kwamba alizaliwa katika ile jikoni. Baba yake ndiye alikuwa bwana wa nyumba. Alimubeba Ulaya akiwa mutoto mudogo, na jina la mama hakumutajia kamwe. Alitaka tu kumusalimia huyo mama. Nikauliza kama mama ndiye alimuita Grégoire. Akasema hapana, mama alimuita Almasi.

Almasi, Yaya! Yule Nyanya anamutaja kila mangaribi mwisho wa rozari, «na Almasi, pale aliko,» nasi tulidhani ni mutoto wake aliyekufa.

Tulipofika ng'ambo nikamuaga kama mugeni yeyote. Nyumba ni ya baba yake. Nikisema, pengine tutatoka wote na mizigo kichwani. Nisiposema, kesho asubuhi anapanda boti ya Goma, na Nyanya ataendelea kumuombea mutu aliyekunywa chai yake.

Nilitaka kukuuliza nifanye nini, lakini barua itakufikia yeye ameshaenda. Tena unajua desturi yetu: barua yako haifungwi kabla Nyanya hajasomewa, aweke salamu zake. Nilikuwa nimepanga kuruka mistari, nimusomee goti na malaria tu.

Nasikia fimbo yake kwa veranda. Mukono wangu ulishafunika karatasi. Nimeutoa. Leo nitamusomea vile nimeandika, sitatafsiri kitu.

Mungu akulinde, Yaya. Chini ya jina langu nimeacha nafasi ya salamu zake, kama atanipa.

Mudogo wako,
Noëlla