Tenga la Bi Tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Morogoro mvua zimeanza, Uluguru haionekani kwa mawingu, na samaki wakavu wanataka kuota ukungu. Nawageuza kama ulivyonizoesha, huku nailaumu mvua utadhani inanisikia.

Ulizoea kuniambia, "Shamba letu ni bahari, ila jembe kalishika Mzaramo." Mzaramo mwenyewe ni mtani wako, Bi Tatu wa Bagamoyo. Yeye alinunua kwa wavuvi, akapasua, akatia chumvi, akaanika, kisha akakupakilia tenga kwenye basi. Wewe ukamrudishia karoti na kabichi za Mgeta kwa basi hilohilo. Wavuvi wakala mboga zetu, wakulima wa mlimani wakala samaki wao, na sisi wa katikati tukasoma na kuezeka nyumba ya bati. Bahari imetulea, mama, nasi tuko mbali nayo hivi.

Na yale matusi yenu ya simu kila alfajiri! Yeye akikuita mla magimbi, wewe ukimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mgeni angedhani mtauana. Mimi ndiyo yaliyoniamsha kwenda shule.

Ulipofariki niliazimia kuifunga meza yetu ya sokoni. Ningewezaje kukaa pale kutwa, kila mteja akiniuliza mama yuko wapi? Kaka alishaanza kutafuta mtu wa kuichukua.

Siku ya mazishi, wanaume wakijiandaa kubeba jeneza, Bi Tatu akaingia na tenga kichwani. Akalitua katikati ya mlango, akajifunga kanga yako kiunoni.

"Huyu Mluguru hatoki humu mpaka samaki wangu wapate mtu," alisema. "Kufa kufaana, jamani. Hata meza hamuitaki?"

Akaanza kukuiga: unavyonusa samaki, unavyomkunjia pua mteja bahili, unavyodai hutapunguza bei halafu unamwongezea samaki wa bure. Nilipandwa na hasira, nikainuka nimtoe. Mama mdogo akanivuta mkono, akanikumbusha kuwa mtani ana haki yake ya kutania msibani. Wakati huo Bi Tatu alikuwa akimbembeleza mteja asiyekuwepo kwa sauti yako kabisa, mama. Nikacheka. Nikacheka na machozi yananitiririka, nikaenda nikalinyanyua lile tenga. Akapisha mlango, nawe ukapita.

Baadaye nilimkuta jikoni peke yake, kashika mwiko wako, analia mpaka mabega yanatikisika.

Nikairudia meza. Lakini Bi Tatu alibadilika. Kila akipiga simu ilikuwa "pole mwanangu", "umeamkaje mwanangu", sauti laini ya kuongea na mgonjwa. Niliuchukia ule upole. Ulinikumbusha kila asubuhi kwamba wewe hupo, na kwamba mimi bado ni mfiwa tu, wa kuhurumiwa.

Jana nilichelewa kuamka. Simu ikaita.

"Wewe mla magimbi, umelala? Samaki wangu wako stendi wanakusubiri kama wakwe!"

Nilikaa kitandani nikalia kidogo. Kisha nikamjibu kwa yale maneno yako, yote, bila kuruka hata moja. Akacheka mpaka akapaliwa.

Pumzika, mama. Samaki wamepata mtu.

Ni mimi,
binti yako wa mezani