Mguu Uliosingiziwa

Kaka yangu Salimu,

Huko uliko huna haja tena ya habari za magari, najua. Lakini mimi na wewe hatukuwahi kuwa na mazungumzo mengine. Ndugu wengine hapa Bondeni wakikutana huulizana habari za nyumbani. Sisi tulianza na injini, na mama akitupigia kelele tunawe mikono kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita bi harusi? Ni kwa sababu sikuweza kufungua hata nati moja bila kuiosha kwa mafuta ya taa. Ulikuwa ukifika gereji na lile gari la bwana wako, yule mzungu wa Molo, saluni kuukuu la Kimarekani lililoingia nchini kabla ya vita, unashuka na gunia la viazi vya mama begani, unawaambia mafundi wenzangu, "Mpeni bi harusi kiti, asije akachafuka." Walicheka mpaka mwenye gereji akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Mimi nilinuna kama kawaida yangu. Ila moyoni nilifurahi, maana Nakuru nzima ukitajwa udereva unatajwa wewe, na mimi ndiye niliyekuwa ndugu yako.

Sasa nikueleze jambo ambalo nilipaswa kukueleza ukiwa umekaa mbele yangu.

Ile wiki ulipoleta gari klachi imekwisha, mimi ndiye niliyelala chini yake. Kuifikia klachi lazima ushushe propela, ule mhimili mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari kutoka gia boksi mpaka difu ya nyuma. Ni vipande viwili vilivyoingiana kwa meno, na sharti virudi jino kwa jino kama vilivyokuwa. Vikikosea, kiungo cha mbele na kiungo cha nyuma vinagombana, kama watu wawili waliobeba kitanda, mmoja anainua wakati mwenzake anashusha. Kwa hiyo kabla ya kuvitenganisha nilivipiga alama kwa kipande cha udongo mweupe wa Kariandusi, kama tulivyofanya sote pale gereji.

Halafu nikaviosha. Umenielewa, kaka? Nilivitia kwenye karai la mafuta ya taa, nikavisugua, nikavipangusa kwa kitambaa safi, nikavilaza juu ya gazeti vikiwa vinang'aa. Jioni nilipotaka kuvirudisha niliitafuta alama yangu, sikuiona. Wenzangu walikuwa wanafunga masanduku ya vyombo, na sikutaka wajue kuwa bi harusi ameosha mpaka alama. Nikakisia.

Hukumaliza wiki ukarudi. Na kazi yote iliyokuwa yangu ulikuwa umeshaifanya wewe. Ulisema linaanza kutetemeka likifika maili thelathini na tano, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyozidi. Ulikuwa umebadilisha magurudumu, ya nyuma ukayaleta mbele, pasibadilike kitu. Ulisema usukani umetulia mkononi, kiti ndicho kinachotetemeka, kwa hiyo ubaya uko nyuma au katikati. Ulilitoa gia kwenye mteremko likashuka lenyewe, na bado likatetemeka, basi si injini. Mafundi wangapi wa mji huu wangefika hapo? "Na limeanza tangu utie klachi, Athmani," ukamalizia, kwa upole, wala hukuwa unanilaumu.

Mimi nilisikia lawama tupu.

Ijumaa baada ya sala ulinichukua barabara ya Elmenteita. Ulinikalisha kiti cha nyuma, ukaniambia nivue viatu niweke nyayo sakafuni. Nikavua. Ukaongeza mwendo taratibu, unanitazama tu kwenye kioo. Mtetemo ule niliusikia, wallahi, ulipanda kutoka nyayoni mpaka kwenye meno yangu. Uliponiuliza, nikakuambia ni barabara mbovu.

Kisha bwana akaja gereji mwenyewe, amekasirika, anataka kujua gari lake lina nini. Mafundi wote wamesimama. Hapo ningeweza kusema, "Bwana, nipe siku moja nishushe propela." Ni maneno machache tu, na wala nisingefukuzwa, ningechekwa siku mbili tatu yakaisha. Badala yake nilimwambia, "Gari ni zima, bwana. Dereva ndiye ana mguu mzito, anaikanyaga klachi kwa kishindo."

Ulikuwa kando, kofia mkononi. Ulinitazama, kisha ukautazama mguu wako.

Mwisho wa mwezi alikuachisha kazi, akakupa barua iliyosema maneno yangu kwa Kiingereza. Kwa barua ile hakuna mzungu mwingine aliyekutaka. Ukaenda stesheni kubeba magunia ya mahindi, wewe uliyekuwa ukivaa koti la dereva. Yule mwenye mabasi wa mtaa wa juu alikufuata mpaka nyumbani, hakujali barua ya mtu, alikujua. Ukamkatalia. Uliniambia mwenyewe ulivyomjibu: "Aliyeniambia nina mguu mzito ni fundi, tena ni ndugu yangu, hana sababu ya kunidanganya." Nikaendelea kunywa chai yangu.

Miezi haikupita mingi dereva mpya akaleta gari lilelile na malalamiko yaleyale. Nikaona haya kumwambia bwana kwamba na huyu naye ana mguu mzito. Nikashusha propela. Chini ya vumbi na grisi, kwenye chuma chenyewe, kulikuwa na mishale miwili midogo iliyochongwa kiwandani, mmoja kila kipande, ili fundi asipotee. Miaka yote sikuwahi kuitafuta, kwa kuwa niliamini alama yangu. Mishale ile ilikuwa haitazamani. Nikaitazamanisha, nikafunga, nikalipeleka gari barabarani. Likatulia tuli. Nikasimamisha pembeni nikalia, halafu nikarudi nikamdanganya bwana kwamba viungo vilikuwa vimekwisha. Akanishukuru.

Siku hiyohiyo nilikuja kwako nikuambie. Naapa nilikuja kwa nia hiyo. Nilikukuta umetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, mgongo umechoka kwa magunia. Kabla sijakaa ukaniuliza, "Lile gari linaendeleaje?"

Nikasema, "Lipo tu."

Ukasema, "Masikini. Nilikuwa nalionea."

Nilitakiwa kusema hapo hapo. Nikajiambia nitasema Ijumaa, na Ijumaa ikawa ile ya pili, na ya tatu, mpaka baridi ya Julai ikakuingia kifuani. Hospitali nilikaa nawe siku nne. Siku nne, kaka, na tulizungumza habari za injini.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shemeji Mwanaidi. Alikuwa anachagua mchele. Nilimweleza yote, tangu karai la mafuta ya taa mpaka mishale. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu, kama nilijua ukiwa hai. Nikamwambia nilijua.

Akaweka ungo chini. Akanieleza kwamba tangu siku uliyoachishwa kazi mpaka ulipougua, kila ukirudi stesheni ulikuwa ukikaa barazani na tofali mbele yako, unalikanyaga polepole, unaliachia polepole, kana kwamba ni klachi. Ulikuwa ukimwita aje atazame. Ukimuuliza, "Vipi sasa, haujawa mwepesi kidogo?"

Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia. "Usiniombe mimi," akasema. "Mwombe mwenyewe."

Nimekwenda makaburini mara mbili. Nimesimama, sauti haikutoka, mimi ambaye mbele ya bwana haikunishinda. Ndiyo maana nimeandika. Yale niliyasema mbele ya mafundi, na haya nitawasomea mafundi walewale, papo hapo uliposimama na kofia mkononi, watakaocheka wacheke. Baada yao nitamsomea yule mwenye mabasi. Kisha bwana wa Molo, kama atakubali kunisikiliza, na asipokubali nitamwachia barua hii mlangoni.

Lakini wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, japo umechelewa kuambiwa. Propela niliikosea mimi. Mguu wako haukuwa na lolote. Nisamehe ukiweza, na hata usipoweza, pumzika. Acha kulikanyaga lile tofali, kaka.

Mdogo wako uliyemwachia ziwa,
Athmani