Nondo Nilizozinyoosha

Ijumaa, mjini Baraka. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limewaka, na mimi sina raha hata kidogo.

Leo daraja jipya la njia ya Fizi limefunguliwa. Akina mama wamepiga vigelegele. Mimi niliyekunja nondo zake nimesimama nyuma kabisa.

Niandike ukweli hapa, maana mahali pengine sijaweza kuusema. Wakati wa kazi nilisoma vibaya mchoro wa injinia, nikakunja nondo ishirini na tatu mahali pasipo pake. Kazini kwetu chuma kikiharibika kilipelekwa kwa huyo injinia Mzungu, na aliyekiharibu alilazwa chini akachapwa mbele ya wenzake. Basi tukazinyoosha kwa nyundo kwa siri, mimi na wenzangu watatu, tukazikunja upya. Pale palipokunjwa kwanza niliona ufa mwembamba kama unywele. Nilipitisha ukucha, ukanasa.

Nilimwambia kapita wetu, msimamizi wa kazi. Alicheka.

"We, funga kinywa. Béton itafunika yote, mutu hataona."

Zege likafunika.

Leo wamepitisha lori lililojaa pamba. Daraja halikutikisika. Injinia amepiga makofi, akapanda gari lake kwenda Uvira. Lakini chuma cha namna hiyo hakikatiki kwa lori moja. Kinachoka. Kila gurudumu linaufungua ufa kidogo tu, mpaka kikatike siku moja isiyo na lolote, kwa mzigo ule ule wa kila siku.

Aliyeendesha lori ni Ebengo, mdogo wangu wa tumbo moja. Amepewa njia hiyo, kwenda na kurudi kila siku. Ameshuka akanikumbatia mbele ya watu wote, akaniita yaya kama mdogo amwitavyo mkubwa wake.

"Yaya, daraja yenu iko nguvu! Siku ya kwanza, Jumatatu hii, tutapanda wote, utaona."

Nimetabasamu. Mimi ni mwoga, sina jina jingine la kujipa. Nikisema, tutafungwa wote wanne, na wenzangu wana watoto. Tena nani atabomoa daraja zima kwa neno la mkunja vyuma, juu ya kitu kisichoonekana?

Jioni nimekwenda kwa Ebengo nimwambie. Nimemkuta mama yetu ameketi pale, anaisifu mikono yangu kwa majirani. Nimekula ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nimeaga, nimerudi nyumbani.

Jumatatu nitapanda lile lori. Kama nimekosa kinywa cha kumwambia mdogo wangu, basi niketi karibu naye.