Wanataka Mama Mkwe Alie Tena Mbele ya Simu

Shangazi Naziha mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimekwama na sina wa kumwambia, mama yangu mzazi alishatangulia mbele ya haki na wifi yangu ndiye anayeshika taa tukirekodi, sasa nimwendee nani?

Nimeolewa hapa Nabeul katika nyumba inayotengeneza harisa, ile pilipili ya kusagwa na viungo, na mama mkwe wangu, Bi Mannoubia, ndiye mwenye mkono wa pilipili hiyo, sura yake imo kwenye kila kopo, na mimi ndiye ninayeshughulikia ukurasa wetu mtandaoni, nampiga picha, naandika maneno, na watu wakimsalimu najibu kana kwamba ni yeye, "Karibuni wanangu, mama yenu anawaombea dua," na kwa kweli mwanzoni alikuwa akiyasema mwenyewe hayo, mimi naandika tu, lakini sasa kumbukumbu zimeanza kumtoka. Pilipili bado anazijua, kitunguu saumu na kisibiti anajua kipimo chake bila kutazama, ila watu wanampotea, na aliyempotea kuliko wote ni mumewe, mzee Beshir, ambaye tulimzika na yeye mwenyewe akamkalia eda mpaka mwisho.

Vuli iliyopita tulikuwa tunarekodi, akachovya kidole kwenye bakuli akasema, "Muiteni Beshir aonje chumvi, ndimi zenu mimi siziamini." Bila kufikiri nikamjibu, "Mama, baba si alishafariki?" Shangazi, alinikodolea macho. "Beshir? Amekufa lini? Mbona hamkuniambia?" Akalia kilio cha msiba, akajifuta machozi kwa mikono ile ile yenye pilipili, mimi nikaitupa simu nikakimbilia maziwa nimwoshe macho, na simu huko ilikoangukia ikaendelea kurekodi.

Mume wangu, Nizar, aliiweka video ile kwenye ukurasa bila kuniuliza, na nchi nzima ikalia naye, mwanamke mmoja akaandika, "Haya ndiyo mapenzi, sisi wengine tumeolewa na magogo," oda zikaja kutoka Sfax mpaka Paris, tukaajiri wanawake wa kusaidia kusaga. Siku ya kurekodi iliyofuata Nizar akanikonyeza, "Mwambie tena." Nikamwambia. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia, maana kwake ndiyo kwanza. Na safari nyingine tena, na nyingine. Sasa asipolia watu wanaandika, "Mbona leo Mama Mannoubia mkavu?" na "Video ya leo haina chumvi," na mimi nawajibu kwa mioyo myekundu, "Mama amewasikia, wapenzi."

Nilimwambia mume wangu, "Baba Skander, yule ni mama yako." Akanijibu, "Wafa, kufika alasiri hakumbuki kitu. Kilio asichokikumbuka kinamdhuru nini? Na wale wanawake kule nyuma, nikiwafukuza utawalisha wewe?" Kusahau anasahau kweli. Lakini siku nzima chakula hakimpiti, anazunguka ua akifungua milango na kuifunga, halafu ananishika mkono, "Mwanangu, kuna kitu kinaniuma hapa kifuani. Umenificha nini?"

Ijumaa tunarekodi tangazo la Ramadhani. Nizar ameitoa kabatini kofia nyekundu ya baba yake, anataka nimpe mama aishike kwanza, aipapase, ndipo nimwambie. Anasema lazima niwe mimi kwa sababu mimi ndiye anayeniamini, na nikikataa atasema Sihem, wifi yangu, ambaye hana hata sauti ya upole. Nikikataa ndoa yangu itaingia mchanga, nikikubali sijui nitamtazamaje. Je, Shangazi, ipo namna ya kulifanya jambo hili asiumie sana? Majina yetu yabadilishe, tafadhali.

Shangazi Naziha anajibu:

Haipo.

Majina nimeyabadilisha, lakini usijidanganye, nusu ya wasomaji wangu wameshakutambua, kwa sababu nusu yao waliilia video hiyo na kuwatumia dada zao.

Pole, mwanangu, na pole hiyo inatoka moyoni. Umeolewa kwenye nyumba ambayo mtu akilia, wengine wanaangalia kama mwanga unatosha. Na siku ile ya kwanza huna kosa, ulimi uliteleza, ukakimbilia maziwa. Mke mwema angefanya hivyo hivyo. Lakini zile siku nyingine zote ulimwambia huku simu ukiwa umeishika vizuri mkononi, na sasa unaniuliza namna ya kumchoma mtu kisu kwa upole. Bibi wee! Swali hilo nililisoma nikaenda kunywa maji.

Tuje kwa mumeo na hoja yake ya alasiri. Muulize, mtoto mchanga ukimzaba kofi atalikumbuka? Basi mbona hatuwazabi? Mama huyu habari anaisahau, maumivu yanabaki, na wewe mwenyewe umeniandikia yanabaki wapi. Afadhali mjane mwingine yeyote, yeye anajua analilia nini, hata majirani wanamjia na sahani ya kuskusi. Wenu anafiwa kila mkirekodi na hakuna anayempa mkono wa pole. Wanaompa pole wako kwenye simu, nawe ndiye unayezipokea kwa niaba yake.

Na hao wanawake wanaosaga, asitufanye watoto. Harisa iliuzwa kabla ya machozi. Kama sasa haiuziki bila kilio cha kikongwe, basi tatizo ni harisa.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Ijumaa. Ufunguo wa ukurasa unao wewe pia. Futa video zote za kilio, ile ya kwanza ikiwa ya kwanza. Halafu andika kwa jina lako, si kwa jina lake: mama yetu ni mgonjwa, hatarekodiwa tena. Basi. Mioyo myekundu ikae huko. Usiandike kwamba mama anawasalimu, mama hajui hata kama wapo. Watakaokasirika waache wakasirike, wengine watanyamaza kwa aibu, na hilo litawafaa.

Nizar atanguruma. Kabla hajaanza, mwite mjomba wake, ndugu wa mama huyu, kama yupo hai. Usimwoneshe video. Mkalishe uani amwone dada yake akifungua milango. Mwanamume anaweza kumkatalia mkewe, ila kumkatalia mjomba wake mbele ya mama yake ni jambo jingine. Na Nizar akimpa Sihem kazi hiyo, simama katikati. Kama ndoa yako haiwezi kubeba hilo, njoo uniandikie tena, tutazungumza habari ya ndoa.

Mama akiuliza Beshir yuko wapi, usimwambie amekufa, wala usimtungie safari. Muulize, "Mama, baba chumvi alikuwa anaipenda vipi?" Mwache aseme mpaka achoke.

Mwisho nikwambie jambo ambalo hukuniuliza. Ugonjwa huu haurudi nyuma. Siku inakuja utaingia chumbani kwake na hatajua wewe ni nani, jina lako litakuwa limeshakwenda alikokwenda Beshir. Hatajua uso wako, lakini mwili wake utajua kitu ukifungua ule mlango. Mwili huo utatulia, au utajikunyata. Ijumaa hii ndipo unapoufundisha.