Wimbo Wangu Uko Kwenye Simu za Bodaboda

Kaisho, Kyerwa

Mama yangu,

Shikamoo. Na Baba mwambie nimemwamkia kwa heshima zote. Goti lako linaendeleaje? Kahawa zimekauka, au mvua bado inawasumbua huko Nyakasimbi? Mimi mwili ni mzima. Shangazi sasa ananiachia sketi za shule nishone mwenyewe, na chakula ninakula. Kinachonisumbua ni kitu ambacho sikuweza kukisema kwenye simu, maana Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu.

Unakumbuka harusi ya dada Anitha, tulipokuwa tunamenya ndizi uani na kuimba ule wimbo wetu wa siku zote? Mwishoni nikaongeza kipande changu, sauti inapanda halafu inakatika ghafla. Mkacheka wote, mama mdogo akasema, "Hapo sasa ni pa Editha." Kama vile tunavyosema kwa vipande vya wengine, hapa ni pa bibi, hapa ni pa jirani Mama Koku. Nilifurahi kuliko siku niliyomaliza mtihani wa kidato cha nne, ila sikuwaambia.

Huku nimejiunga na kwaya ya vijana. Anayeongoza nyimbo ni Jovina, binti wa mwenye mashine ya kusaga. Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi za wageni wa kanisa, nikawa nauimba ule wimbo polepole nikidhani hakuna anayesikia. Jovina akasogeza beseni lake.

"We Editha, kumbe una sauti! Hebu rudia."

Nikarudia. Mama, mtu anayetazamwa na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Niliurudia mpaka ndizi zikaisha.

Haukupita muda mrefu, nikausikia kwenye simu ya bodaboda aliyetuletea vitambaa. Sauti ni ya Jovina, maneno ni mengine, eti mpenzi wake kaenda Uganda hajarudi. Lakini melodi ni ile ile, na mwishoni sauti inapanda, inakatika. Pangu! Nilijichoma sindano.

Sasa unapigwa kila mahali. Wateja wanauimba huku nimewazungushia tepu kiunoni. Jovina akipita sokoni wanamwita "Staa!" na kumnunulia soda. Anajua kusimama, mkono kiunoni, kidevu juu. Mimi nikisimama mbele za watu sijui mikono niiweke wapi. Kila jioni namwomba Mungu aniondolee wivu, halafu katikati ya sala najikuta namwomba ampe Jovina mafua.

Shangazi akachoka kuniona nimenuna. "Nenda ukaseme! Mdomo umeushona na sketi?"

Nikaenda studio. Ni chumba nyuma ya duka la kuchajia simu. Jovina alikuwepo, amekaa na prodyuza, kijana mpole tu. Nilipoeleza, hakukasirika.

"Maneno ni ya Jovina," akasema. "Sauti ni ya Jovina. Biti ni yangu. Wewe una nini humo ndani?"

"Melodi."

"Umeitunga wewe?"

"Mwanzo ni wa kumenyea ndizi, ni wa zamani. Mwisho ni wangu."

Akacheka kidogo. "Dada, wa zamani ni wa wote. Hata mama yangu anauimba, na yeye ni wa Isingiro, si wa kwenu. Huo mwisho uliurekodi? Hata kwenye simu?"

"Hapana. Lakini kwetu wanajua ni wangu."

"Wanaujua jikoni. Sheria inataka ushahidi. Ukienda kudai hakimiliki utawapeleka wamenya ndizi wote wakaimbe?"

Jovina akadakia, "Halafu uliniimbia mwenyewe, Editha. Ungeniambia nisiuchukue, ningeuacha."

Nilikuwa nimeanza kulia, nikatoka.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Mwalimu wa kwaya akauwekea wimbo huohuo maneno ya shukrani, Jovina mbele, mimi mstari wa nyuma. Nikasema moyoni, leo nitaimba kama niko uani kwetu. Tulipoanza, akina mama kanisani wakaudaka palepale, wanaujua wote. Nikapoa nikafikiri, basi kweli si wetu. Lakini tulipofika mwisho wao wakashuka, kama bibi anavyoshuka. Tuliopanda ni wawili tu, mimi na Jovina. Akageuka akanitazama.

Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono. "Mwanangu, umemwiga Jovina vizuri sana! Endelea kujifunza hivyohivyo."

Nikasema asante. Mama, nilisema asante!

Jovina alisikia. Akanifuata kwenye migomba nyuma ya kanisa. "Mimi najua ni pako," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi waambie."

"Nikiwaambia wataniona mwizi." Akaenda kupigwa picha.

Sasa sijui nimchukie vipi mtu anayejua ukweli. Ila wivu bado ninao, siwezi kukudanganya.

Nisalimie Baba, na bibi aliyenifundisha kumenya bila kukata kidole. Mama mdogo mwambie kitenge chake kimefika salama kwa Shangazi. Kaka anayechunga ng'ombe mwambie asivae viatu vyangu vya shule, najua anavivaa. Shangazi anawasalimu wote.

Jambo la mwisho, usimwambie mtu. Nimepata wimbo mwingine, na huu nimeutunga wote mimi, kuanzia mwanzo. Siuimbi hata nikiwa peke yangu kwenye cherehani. Nafunga mdomo mpaka Shangazi anauliza kama naumwa jino. Nikija Krismasi tuingie jikoni wewe na mimi, tufunge mlango, nikuimbie. Halafu uniambie kama ni mzuri, na ukiwa mzuri, usiuimbe mtoni kwenye watu.

Ni mimi mwanao, ninayewakumbuka kila siku,

Editha