Vya Kuazima Havirudishwi

Nyumba ya Muuguzi,
Juu ya Daraja la Mbao.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na wale watundu wako wawili bado wana meno yao yote. Mgongo unaendeleaje? Kama bado unalalia lile godoro la sponji lililobonyea katikati, usinijibu, nimeshajua. Sisi huku hatujambo. Mimi nilishikwa na mafua yakaniachia sauti ya bata dume, lakini Baba hana hata kikohozi.

Barua yako ilifika na basi la Alhamisi. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Baba akisikiliza. Umesema mkataba wangu ukiisha mwisho wa mwezi nirudi naye bila kukosa, kwamba chumba umeshakipaka rangi, na kwamba watu wameanza kukuuliza ni kifungua mimba gani huyo ambaye baba yake anazeekea ugenini. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze tunavyoishi, la sivyo jibu lenyewe utaliona la kichaa.

Huku nyumba zimetupwa mbalimbali, kila moja nyuma ya kilima chake, na kati ya jirani na jirani kuna tope la kumeza kiatu. Duka ni moja, hufunguliwa mwenyewe akishaamka. Zahanati yangu ni vyumba viwili, vitanda vitatu, na jiko la kuni linalotoa moshi mwingi kuliko moto. Mwaka wa kwanza sikupapenda wala sikupachukia. Nilipima presha, nikafunga vidonda, nikazalisha, nikalala.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Hakuna anayekuja kwako hivihivi. Ile yetu ya "nilikuwa napita tu, nikasema niwasalimu" haipo. Ukibisha hodi bila sababu watadhani una wazimu au umekuja na kesi. Kwa hiyo watu huazimana. Mtu anakuachia shoka lake hata kama hukuliomba, halafu siku moja anakuja kulifuata. Akija, anakaa. Anakunywa chai, anaota moto, anamaliza habari zote, na mara nyingi anaondoka bila hilo shoka.

Sasa mlete Baba hapo. Unamjua: miaka yote ile mtunza stoo wa kiwanda, hakuna nyundo iliyowahi kulala nje ya rafu yake. Alipokuja kwangu baada ya msiba wa Mama, paa letu lilikuwa linavuja. Seremala, mzee mjane anayekaa ng'ambo ya kijito, akatuletea ngazi na kuiacha. Baba alipanda, akaziba, akashuka, akaifuta ngazi kwa kitambaa, akaibeba begani hadi kwa mwenyewe kabla jua halijazama. Nilimwambia apumzike kwanza. "Cha mtu mavi, mwanangu," akanijibu. "Hakilali kwangu." Ikaja toroli ya mwenye duka, ikarudi siku ileile, gurudumu limeoshwa. Ikaja taa ya Mama Kondoo, bibi mfugaji wa jirani, ikarudi imejazwa mafuta.

Baada ya hapo hakuna aliyegonga tena mlango wetu. Dukani walimhudumia bila kumtazama. Baba akawa anashinda dirishani akibishana na redio isiyokamata kitu. Alikonda. Akaniambia, "Watu wa huku wana roho za mawe. Nirudishe kwa kaka yako." Nami nilikubali, maana nilikuwa nimechoka kurudi kazini na kumkuta palepale nilipomwacha asubuhi.

Mama Kondoo ndiye aliyefumbua fumbo, mkono wake ukiwa kwenye kipimo cha presha. "Hivi baba yako tumemkosea nini?" aliniuliza. "Seremala hana raha tangu ngazi yake irudi. Kitu unakirudisha siku hiyohiyo kama hutaki kuuona tena mguu wa mtu mlangoni kwako." Presha yake ilikuwa juu, na nadhani yangu pia.

Nilimweleza Baba tukiwa mezani. Nilitegemea atacheka, lakini aliweka kijiko chini, uso ukamshuka. Fikiria mtu aliyejivunia uaminifu wake maisha yote, anaambiwa kwamba kwa uaminifu huohuo amewafukuza watu. Asubuhi alivaa koti, akaenda kwa Seremala, akaomba ngazi kwa ishara za mikono, maana katika lugha yao anajua "chai" na "mvua" basi. Paa halikuwa linavuja. Ngazi aliilaza katikati ya sebule, nikawa nairuka nikienda jikoni. Siku zikapita, naye habanduki pale mlangoni. Hatimaye Seremala akaja. Akaitazama ngazi yake, akavua viatu, akakaa. Wazee wale walikaa mpaka birika likakauka, kila mmoja akizungumza lugha yake, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Alipoondoka, ngazi aliiacha.

Tangu hapo nyumba yangu imekuwa stoo isiyo na kufuli. Tuna misumeno mitatu na hatuna mti. Kisu changu cha jikoni kiko nyuma ya kilima, sufuria yangu kubwa hata sijui inapika kwa nani. Baba anatembelea bakora ya mwenye duka, na mwenye duka anatembelea ya Baba. Hayo yote niliyacheka. Lakini siku moja nilimkuta anaukunja ule mtandio wa Mama wa rangi ya bizari, akampa Mama Kondoo. Kaka, nilikasirika. Bibi alipotoka tu nikasema, "Baba, hata huo?" Akasema, "Wacha ukae kwake. Kesho kutwa nitaufuata." Alikwenda kweli, akarudi mikono mitupu, anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu Mama augue.

Usianze kuwaza. Nimeshawaza kwa niaba yetu sote, na sioni kitu. Au kipo, na hakituhusu.

Haya, jibu. Nilipofika kwenye habari za chumba, Baba aliuliza rangi gani. Nikamwambia krimu. Akasema ni nzuri, haionyeshi vumbi. Halafu akasema, "Mwambie kaka yako namshukuru sana. Lakini nyumbani kwake kila kitu ni changu. Nitatoka mlangoni kwenda kufuata nini?"

Nimebishana naye juma zima. Nimemtajia wajukuu, kaburi la Mama, maneno ya watu, hata ile "mwacha asili ni mtumwa" uliyoiandika kwa herufi kubwa. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza Seremala. Chumba cha nyuma cha Seremala kimeshafagiliwa kwa ajili yake, kibali cha kukaa amepata, na muuguzi anayekuja baada yangu nitamkabidhi mgonjwa wake huyo asiyeumwa. Baba habanduki, Kaka. Nimeshindwa.

Najua utakayesemwa ni wewe, si yeye wala mimi, na hilo silifanyii mzaha. Wakikuuliza, waambie hukumtupa, ulimwita, akakataa. Wasiposadiki, waonyeshe hicho chumba.

Nisalimie shemeji, na Mama Mdogo pamoja na magoti yake, na Mjomba Kelele kama bado ana kelele. Watundu waambie shangazi yao anakuja, wasiandike ukutani.

Njoo unipokee stendi, ila usimtafute mzee nyuma yangu. Nitashuka peke yangu. Mwenyezi Mungu akupe moyo mpana, maana wangu umebana. Nilipokuja huku niliwaaga wazazi wawili haraka haraka, basi likipiga honi, nikijua nitawakuta. Mama hata kumzika sikumzika, mto ulikuwa umefunga barabara. Safari hii namuaga Baba nikijua ninachokifanya. Ameketi hapa ananiangalia nikiandika, anacheka, ana afya tele, nami siwezi kuinua macho.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Kitinda mimba.