Mzee Aliyelia Bustanini

Dada Nduta mpendwa,

Hapa Doha jua linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Jana nikifagia bustani ya hoteli, nilimkuta mzee Mwitaliano akilia kwa Kiingereza kwamba mkewe amekufa. Nikatupa ufagio, nikamshika mikono, nikamwombea kwa sauti kama tufanyavyo matangani. Alisubiri hadi amina, ndipo akaniambia taratibu kwamba yeye ni mwigizaji wa jukwaani na wa sinema, miaka hamsini sasa, na alikuwa akifanya mazoezi. Mkewe alikuwa dirishani akitupungia mkono.

Wenzangu bado wanacheka. Mimi siwezi. Baba alipokufa sikuja, na uliponipigia nilikata simu haraka nirudi kazini.

Wakumbatie watoto. Jumapili nikipiga, tafadhali usikate mpaka niseme amina.

Mdogo wako, Mumbi